Kuokoa chakula cha sokoni kabla hakijawa taka: mwongozo kwa kikundi cha mtaa

Mwongozo huu ni wa watu sita hadi kumi wa mtaa mmoja wanaotaka kuokoa chakula kinachobaki sokoni na kukifikisha kwa mlaji siku hiyohiyo. Nimeuandika nikiifikiria Dar es Salaam na masoko yake: Ilala kwa nyanya na mboga, Mahakama ya Ndizi kule Mabibo, Buguruni na Temeke Stereo kwa matunda. Ukiwa Mwanza, Mombasa au Bujumbura, badilisha majina ya masoko na vyeo vya viongozi. Kazi yenyewe ni ileile.

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) iliyotoka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula majumbani, migahawani na madukani, bila kuhesabu kilichoharibika shambani na njiani. Asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa majumbani. Kwetu, kwa upande wa mboga na matunda, hasara kubwa hutangulia mapema zaidi. Tenga la nyanya likipakiwa kwenye Fuso kule Ilula, mkoani Iringa, hufika Dar nyanya za chini zikiwa zimeshapondeka. Mkulima anaumia kwa kupunguzwa bei, muuzaji anaumia kwa mzigo usiouzika, na mnunuzi wa fungu anaumia kwa kufidia wote wawili. Kinachobaki kinapakiwa kwenye gari la taka hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, na huko kikioza chini ya taka nyingine bila hewa kinatoa gesi ya methani inayochangia kuongeza joto duniani.

Watu wakisikia habari hii huwaza friji kubwa, ghala la baridi na ufadhili. Vitu hivyo vina faida yake. Lakini nyanya nyingi zinazofagiliwa saa 12 jioni zingeweza kuwa mchuzi saa 2 usiku kwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka hapo. Kinachokosekana ni makubaliano: nani atazichukua, saa ngapi, kwa masharti gani, na yule wa zamu akiugua nani anashika nafasi yake. Hapo ndipo ubunifu wa kijamii unapoingia, nao hauhitaji mashine.

Wengine wameshaonyesha njia. Ujerumani, tangu 2012, watu wanaojitolea chini ya mtandao wa Foodsharing huenda kwa zamu kwenye maduka ya mikate na masupamaketi kuchukua kilichobaki na kukigawa. Katika mji wa Galdakao nchini Hispania, mwaka 2015, wakazi waliweka friji barabarani: mwenye ziada anaweka, mwenye shida anachukua. Friji ile ilikuwa na masharti yake: hakuna nyama mbichi, samaki wala mayai, na chakula kilichopikwa nyumbani lazima kiandikwe tarehe. Ufaransa ikapitisha sheria mwaka 2016 inayokataza masupamaketi makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa. Ukitazama vizuri, kote huko kilichobuniwa ni utaratibu wa watu. Na sisi tunaojua kuendesha vikoba, kamati za harusi na misiba bila ofisi wala mishahara tunao uzoefu wa kutosha wa utaratibu wa namna hiyo.

Hatua ya 1: Kaeni sokoni wiki nzima na mizani

Msiombe chochote bado. Nunueni mizani ndogo ya kuning'iniza na daftari, kisha gawaneni siku. Nendeni alfajiri magari yanaposhusha, nendeni tena mchana, na mrudi jioni wakati wa kufunga. Andikeni ni bidhaa gani inabaki, kiasi gani, kwa nani, na inakwenda wapi.

Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Sokoni hakuna kitu kinachokaa bila mwenyewe. Nyanya zilizolainika, zile wanazoziita masalo, tayari zina wateja: mama lishe, wauza chipsi wanaotengeneza kachumbari na pilipili, wenye vibanda vya supu. Majani ya kabichi yana mfugaji wa ng'ombe anayekuja na guta lake. Wapo pia watu wanaookota ili wale au wauze. Kikundi kipya kikiingia na kuchukua vyote bure kwa jina la kuokoa chakula, kitakuwa kimemnyang'anya mama lishe malighafi yake ya bei nafuu na kumnyima mwokotaji mlo wake. Kwa hiyo chukueni kile ambacho baada ya hao wote bado kinaishia kwenye lundo la taka. Kama wiki ikiisha na mmeona kwamba hakuna kinachobaki, shukuruni, na mtafute soko lingine au kitu kingine cha kushughulikia.

Hatua ya 2: Chagueni bidhaa moja au mbili

Kikundi kinachoanza na kila kitu huchoka mapema. Chagueni bidhaa inayostahimili angalau siku moja baada ya kutoka sokoni: nyanya, karoti, kabichi, viazi mviringo, nyanya chungu, ndizi mbivu, maembe wakati wa msimu wake, machungwa yakiingia kwa wingi kutoka Muheza. Mchicha na matembele yaacheni kwanza, maana hunyauka kwa saa chache na kuhitaji mlaji aliye karibu sana. Samaki, nyama, maziwa na mayai msiviguse kabisa hadi mtakapokuwa na mtu mwenye ujuzi wa usalama wa chakula na baridi ya uhakika.

Fuateni msimu. Maembe yakijaa Desemba na Januari, bei hushuka na ziada huwa kubwa. Ndiyo miezi ya kuongeza watu wa zamu.

Hatua ya 3: Fanyeni makubaliano kabla ya kubeba hata kilo moja

Anzeni na uongozi wa soko, halafu serikali ya mtaa mtakakogawia chakula, na bwana afya wa kata. Waelezeni mnachokusudia, waachieni nakala ya karatasi ya ukurasa mmoja yenye majina ya wahusika na namba ya simu ya kikundi. Bwana afya akishirikishwa mwanzoni atawasaidia. Akisikia habari zenu pembeni, atakuja kuwafungia.

Kisha nendeni kwa muuzaji, mmoja mmoja, saa ambayo hana wateja wengi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu nyanya."

"Asante mama. Leo nina ombi. Hizi za pembeni, ukifunga meza huwa zinakwenda wapi?"

"Hizo masalo anachukua mama lishe, ndoo buku mbili. Zinazobaki namwaga pale."

"Za mama lishe hatuzigusi. Tunaomba hizo unazomwaga. Tutakuja Jumanne na Ijumaa saa 11 na nusu, tunabeba wenyewe, na tenga lako tunakurudishia kesho yake asubuhi."

"Na wateja wangu wakijua jioni zinatolewa bure, nani atanunua mchana?"

Swali hilo atawauliza kila muuzaji, na ana haki. Kwa hiyo liwekeni kwenye makubaliano: hamgawi sokoni, hamgawi karibu na soko, mnachukua nyuma ya meza baada ya kufunga, na hamtangazi jina la muuzaji bila ruhusa yake. Mwambieni pia atakachopata. Atapunguza mzigo wa taka mezani kwake, meza itaachwa imefagiwa, na kila mwisho wa mwezi mtampa hesabu ya kilo alizotoa. Wauzaji wengi hawajawahi kuona hasara yao ikiwa imeandikwa, na namba hiyo peke yake huwabadilisha namna ya kuagiza mzigo.

Upande wa wapokeaji, zungumzeni na mjumbe wa nyumba kumi, na shule inayopikia wanafunzi, na kituo cha kulea watoto, na mama lishe wa mtaani kwenu. Kila mmoja aseme anaweza kupokea kiasi gani, siku gani, na nani atafungua mlango. Chakula kisichokuwa na mtu wa kukipokea msikichukue. Kukitoa sokoni ili kikaozee kwenu hakusaidii mtu.

Hatua ya 4: Pangeni zamu na mziheshimu

Kila siku ya kuchukua iwe na watu wawili wa zamu na mmoja wa akiba. Kundi la WhatsApp linatosha, lakini liwe la kazi tu, bila salamu za asubuhi na picha za maua. Ujumbe uwe na umbo moja kila siku, kwa mfano: "Nyanya kilo 40. Saa 11:30. Nyuma ya meza za mashariki. Bajaji imepatikana." Asiye na simujanja atumiwe ujumbe wa kawaida au apigiwe.

Muuzaji akisubiri mara mbili bila kuona mtu, mara ya tatu atamwaga bila kuwaita, na hatawaamini tena. Bora siku mbili kwa wiki zisizokosekana kuliko siku sita za kubahatisha.

Hatua ya 5: Meza ya kuchambua

Hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tafuteni sehemu yenye kivuli, meza inayosafishika, maji safi, sabuni ya mikono, visu viwili na mabeseni manne ya rangi tofauti. Mchambuzi afunge nywele, anawe mikono, na asiwe na kidonda kisichofungwa, wala asiwe anaharisha au kutapika. Akiwa mgonjwa, apewe daftari badala ya kisu.

Chambueni kabla ya kuosha. Nyanya ikiloa halafu ikasubiri, inaoza kwa kasi zaidi. Chukua nyanya moja, igeuze mkononi ukianza na kikonyo, kwa kuwa uozo mara nyingi huanzia hapo. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba. Nyanya ngumu yenye alama ya kugongwa tu iende beseni la kwanza: italiwa ilivyo leo au kesho. Iliyolainika lakini ngozi haijapasuka iende beseni la pili: ni ya kupikwa leo. Iliyopasuka, ukiangalia mpasuko na kuuona msafi, hauna uzi mweupe wala harufu ya kuchacha, iende beseni la tatu: ikatwe na kuingia sufuriani ndani ya saa moja. Yenye ukungu, majimaji yanayonata au harufu ya pombe iende beseni la nne, na hiyo si ya mtu. Msijaribu kuikata upande mbovu na kubakiza mzuri. Kwenye tunda laini ukungu huwa umeshapita ndani kuliko jicho linavyoona.

Mboga ngumu zina nafasi zaidi. Karoti au kabichi yenye doa dogo la ukungu inaweza kukatwa, ukiondoa sentimita 2.5 kuzunguka na kuelekea chini ya doa, bila kisu kugusa ukungu wenyewe. Viazi vilivyoota rangi ya kijani vina sumu: kata sehemu ya kijani na macho yaliyochipua, na kama kijani kimeenea, tupa kiazi chote. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Nafaka na karanga nazitaja peke yake. Mahindi, unga au karanga zenye ukungu zisiingie kwenye kikundi chenu hata kama mwenye duka anawasihi. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mkoani Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani ambayo familia zilikula kama kawaida. Msiwape kuku wala ng'ombe pia, kwa sababu sumu hiyo huwadhuru mifugo na hupita hadi kwenye maziwa.

Mkimaliza kuchambua, pimeni kila beseni na kuandika kilo. Kisha osheni kwa maji safi yanayotiririka, wala si kwenye beseni moja la maji linalotumika mpaka mwisho.

Hatua ya 6: Kugawa au kuuza?

Watu huniuliza swali hili kana kwamba lazima kuchagua moja. Mimi naona vyote viwili vinafaa. Beseni la kwanza uzeni nusu kwa bei ndogo mtaani kwenu, pesa ilipie bajaji, sabuni na maji. Nusu nyingine ipelekeni kwa kaya na vituo mlivyoandikiana. Kikundi kinachotegemea mfuko wa mwanachama mmoja kulipia usafiri kitasimama siku mfuko huo utakapotoboka.

Namna ya kugawa ina uzito wake. Wekeni chakula mezani na kila mtu achague anachotaka na kiasi atakachopika, kama anavyochagua sokoni. Vifurushi vilivyofungwa tayari humpa mtu kabichi asiyokula, na kabichi hiyo itaozea kwake badala ya sokoni. Msimpige picha anayepokea. Mkihitaji picha ya kuonyesha kazi, pigeni picha ya meza, mizani na daftari. Jirani yako aliyekuja kuchukua nyanya leo huenda mwezi ujao akawa mtu wenu wa zamu, na hatakuwa hivyo kama sura yake imezungushwa kwenye simu za watu.

Waambieni ukweli kila mara: "Hizi ni za kupika leo." Andikeni kwenye kipande cha boksi, kiwekwe mbele ya beseni.

Hatua ya 7: Chakula cha harusi na sherehe

Mkishafahamika, mtapigiwa simu saa 5 usiku: "Jamani kuna pilau sufuria zima ukumbini." Msikimbilie.

Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi joto 5 na 60, vijidudu huzaliana haraka. Kanuni inayotumika ni kwamba kisizidi saa 2 nje ya moto au baridi, na joto la hewa likipita nyuzi 32, kama ilivyo Dar miezi ya kiangazi, kisizidi saa 1. Wali na pilau ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, na wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha ukachemka. Kiporo cha nyumbani ulichokiweka mapema kwenye friji ni jambo jingine. Hapa tunazungumzia sufuria lililokaa wazi ukumbini tangu saa 2 usiku.

Kwa hiyo malizeni kazi kabla ya sherehe. Kaeni na kamati na mpishi mkuu wiki moja kabla, mkubaliane mambo haya. Sufuria moja libaki jikoni bila kufunguliwa, juu ya moto mdogo, hadi itakapojulikana kama linahitajika. Lisipohitajika, mpigiwe simu mapema, likiwa bado linatoa mvuke, limwagwe moja kwa moja kwenye vyombo vya kutunza joto na kuliwa usiku huohuo. Kilichopita kwenye sahani za wageni au kwenye meza ya kujipakulia ni makombo, na makombo hayagawiwi kwa watu.

Halafu jiulizeni ni nani yupo macho saa hiyo. Walinzi, madereva wa bodaboda kijiweni, ndugu wanaolala nje ya hospitali wakiuguza. Kama hamna jibu, kiacheni.

Lakini huduma kubwa zaidi mtakayoipa kamati ni hesabu. Kamati ya harusi inajua kadi ngapi za mtu mmoja na ngapi za watu wawili zimetoka. Mwombeni karani wa kamati ahesabu waliofika kweli mlangoni, halafu alinganishe na sahani zilizopakuliwa. Mpishi akipata hesabu hiyo kwa sherehe mbili tatu, ataanza kupika kwa mafungu mawili: la kwanza kwa walio na uhakika, la pili likisubiri idadi ya mlangoni. Mchele mkavu unarudi stoo bila hasara.

Hatua ya 8: Rojo ya nyanya na matunda ya kukausha

Beseni la pili na la tatu ndiyo yenye kazi. Osheni nyanya, kateni, zichemsheni bila kuongeza maji kwenye sufuria pana, la chuma kisichoshika kutu kama lipo. Zikilainika, pitisheni kwenye chekeche kutoa maganda na mbegu. Rudisheni moto mdogo mkikoroga hadi ujazo upungue kufika nusu au chini yake. Ongezeni chumvi kidogo.

Rojo hiyo uzeni siku hiyohiyo, ikiwa moto, kwa mama lishe na wauza chipsi mliokubaliana nao. Kwenye friji itakaa siku 3 au 4, kwenye jokofu la kugandisha itakaa miezi. Msianze na kuifunga kwenye chupa za kukaa kabatini. Chupa iliyofungwa bila tindikali ya kutosha inaweza kuota sumu isiyo na harufu wala ladha, na nyanya zilizopitiliza huwa zimepungukiwa tindikali. Mkitaka kufika huko, nendeni SIDO, shirika la serikali linalosaidia viwanda vidogo, mkapate mafunzo ya usindikaji, na mjue kwamba bidhaa ya chakula iliyofungashwa na kupewa nembo kwa ajili ya kuuzwa inasimamiwa na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Maembe na ndizi hukaushwa. Kata vipande vyenye unene wa milimita 5 hadi 8, vipange kwenye wavu bila kugusana, funika kwa wavu mwingine kuzuia inzi, uviweke kwenye kikaushio cha jua chenye karatasi ya nailoni angavu juu na matundu ya hewa chini na juu. Kipande kilichokauka vizuri hujikunja bila kuvunjika, na ukikibana hakitoi unyevu. Dar kuna unyevu mwingi hewani, hivyo mtahitaji siku zaidi kuliko mtu wa Dodoma au Singida, na wakati wa masika msijaribu kabisa.

Hatua ya 9: Kinachobaki

Maganda na majani safi mpeni mfugaji. Beseni la nne liende kwenye mboji: tabaka la mabaki, tabaka la majani makavu au maranda, maji kidogo, na kugeuza kila wiki ili hewa iingie. Kwa joto letu, miezi 2 hadi 3 inatosha. Waulizeni wanaolima mchicha mabondeni kama wanaihitaji. Mara nyingi watakuja kuichukua wenyewe.

Hatua ya 10: Daftari, pesa na usajili

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, muuzaji, bidhaa, kilo zilizoingia, kilo zilizoliwa na watu, kilo za rojo, kilo za mifugo, kilo za mboji, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Tuseme siku moja mmepokea kilo 60. Kilo 30 zimeliwa, 12 zimekuwa rojo, 8 zimekwenda kwa mfugaji na 10 kwenye mboji. Jumla lazima irudi 60. Isiporudi, kuna kilo zilizopotea njiani, na ni heri kuuliza usiku huohuo kuliko kuacha maneno yaanze.

Pesa ishikwe na mtu mmoja, daftari liandikwe na mwingine, na kila mwezi lisomwe kwa sauti mbele ya wote.

Mkifanya kazi miezi mitatu bila kukatika, andikeni katiba fupi na mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa ajili ya usajili wa kikundi kwenye halmashauri. Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ombeni kwa ajili ya kitu kinachozalisha, kama kikaushio au jokofu, na daftari lenu ndilo litakalowatetea mbele ya afisa.

Hatua ya 11: Rudini kwenye chanzo cha hasara

Baada ya miezi kadhaa, fungueni daftari na mtafute mzigo unaojirudia. Mtaona, kwa mfano, kwamba nyanya za muuzaji fulani hufika zimepondeka kila wiki na za jirani yake hapana, ingawa zimetoka mkoa mmoja. Waulizeni wote wawili zimepakiwaje. Mara nyingi tofauti ni kina cha tenga, mbao zisizolainishwa zinazokata ngozi, kujaza kupita ukingo kisha kufunika kwa nguvu, au kuvuna nyanya zikiwa zimeiva tayari badala ya zinapoanza tu kubadilika rangi.

Ombeni dakika kumi za dalali asubuhi, biashara ikitulia. Mwonyesheni kilo kwa kilo. Mwombeni mzigo ujao matenga kumi yawekwe karatasi au majani makavu ndani na yasijazwe kupita ukingo, au atumie kreti za plastiki kama zinapatikana, na mengine yapakiwe kama kawaida. Mzigo ukifika, hesabuni pamoja naye nyanya zilizopondeka katika kila kundi. Tofauti ikiwa kubwa, mwombeni ampigie mkulima simu mkiwa hapo, amtajie hesabu zote mbili na bei atakayolipa kwa tenga lililopakiwa vizuri. Bei hiyo ndiyo mkulima atakayoisikiliza, kwa hiyo msiondoke kabla haijatajwa.